Mkate wa Kufutia

Watu wa Mowlem, mtaa wetu huku Nairobi, watakuambia jini huja kwa harufu ya udi, au kwa paka mweusi, au huletwa na tajiri aliyelinunua mbali likamshinda kulilisha. Waache waseme, midomo ni yao. Hili ninalolisimulia mimi lilikuja kwa mkate mweupe wa dukani, na hakuna mtu mtaani humu anayeijua habari yake kunishinda, hata wale waliokuwa ndani ya nyumba. Wao walikuwa na hofu, na mwenye hofu hasikii vizuri.

Aliyeona kasoro mwanzo ni Sirad, mwenye duka pale chini ya ploti, jumba la vyumba vya kupanga. Sirad ana jicho la biashara: anajua nani amekosana na mumewe kwa kiasi cha unga anachonunua. Asubuhi moja Muthoki wa ghorofa ya tatu alichukua mkate mkubwa. Jioni akarudi kuchukua mwingine.

"Abaayo, dada yangu, mna wageni huko juu?"

"Hapana. Ni mimi na Mama tu."

"Jana mkubwa, leo mkubwa, na sasa tena?"

"Ni wa shule."

"Shule gani inakula mkate, walahi? Mnasoma au mnafuga bata?"

Zamani Muthoki angecheka mpaka ashike kaunta. Safari hii alichukua mkate wake akapanda ngazi. Tangu baba yake azikwe alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ni wako, lakini ukiugusa haukujibu. Makaburini alisimama akatazama udongo ukishuka, akawa anawaza tu kwamba koleo la yule wa kushoto lina mpini mfupi. Hakutoa chozi. Mashangazi walinong'ona. Yeye hakuwasikia, au aliwasikia kama redio ya jirani.

Sasa huo mkate. Muthoki alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja kidogo cha sanaa, ghorofa ya juu ya jumba lililokuwa zamani ghala la magodoro, upande wa kuelekea Dandora. Upepo ukigeuka, harufu ya jaa iliingia darasani ikakaa mstari wa mbele. Walifundishwa kuchora, kupaka rangi na kupiga picha, na walichorea vijiti vya makaa. Makaa ukiyafuta kwa raba ya kawaida, karatasi inachubuka na kuota manyoya. Kwa hiyo mwalimu wao, Gachanja, bwana mmoja mrefu ambaye shati lake halikuwahi kukosa doa la rangi, aliwafundisha njia ya wachoraji wa kale. Unamega mkate, unatupa ganda, ule moyo mweupe unaufinyanga uwe kidonge, halafu unaugusisha kwenye mchoro pole pole. Mkate unanyonya weusi. Karatasi inabaki kama haijawahi kuguswa.

"Na mtu asile hicho kidonge," Gachanja aliwaonya. "Kuna mmoja alikula, akawa msanii."

Darasa likaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni Sydney, kijana wa mtaa wa Pipeline aliyekuwa akikaa karibu na Muthoki, uso wote chunusi, mdomo wote maneno.

Kulikuwa na somo jingine, na hilo ndilo lililozaa haya yote. Gachanja alipandisha kiti mezani, akawaambia: "Msichore kiti. Mkikichora kiti mtachora kile mnachokijua, na mnachokijua ni uongo. Choreni hewa. Ile nafasi ya katikati ya miguu, ile ya kando ya mgongo. Mkimaliza hewa, kiti kitakuja chenyewe."

Na kweli, ukijaribu, kinakuja. Unasiliza weusi pembeni, unaupaka mpaka ujae, katikati unapaacha peupe, na ule weupe unasimama na kukutazama kama kitu.

Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi alitakiwa kuonyesha kazi ya jambo moja: kwa mchoro wa makaa, kwa picha ya rangi, au kwa picha ya kamera. Sydney alichagua magunia ya Dandora. Muthoki akachagua baba yake.

Shida ni kwamba baba yake hakuwa na picha. Mbaluka alikuwa mchongaji, mtu aliyechonga nyuso za watu wengine maisha yake yote, na ukimwelekezea kamera aliinua mkono kama anayezuia jua. Kitambulisho kilirudishwa serikalini alipokufa, kama sheria inavyotaka. Simu iliyokuwa na picha mbili tatu ilinyakuliwa stejini. Vumbi la mti lilimmaliza kifua, akaenda, na uso wake akaenda nao. Alichoacha ni kigoda chake cha miguu mitatu, alichokichonga mwenyewe kwa mti wa muhugu, na tabia yake ya kukikalia akiinamisha kichwa kushoto kidogo, akisugua kinyago kwa msasa huku mama Muthoki akipika.

Katika ukoo wa kina Mbaluka, mwenye kigoda akifa, kigoda hulazwa ubavu. Hakikaliwi, hakisimamishwi, mpaka atajwe mtu wa damu wa kupewa. Muthoki aliijua sheria hiyo kama unavyojua kwamba hupaswi kupiga mluzi usiku: unaijua, lakini hujawahi kuuliza sababu. Siku moja mama yake, Ndunge, alipokuwa kanisani, akakiinua kigoda na kukisimamisha pale pale pa zamani, kando ya ukuta. Akabandika karatasi kubwa ukutani juu yake. Kisha akachora hewa.

Alichora hewa ya kando ya mabega yanayoteremka. Hewa ya chini ya kwapa. Hewa ya juu ya kichwa kilichoinama kushoto. Alipomaliza, katikati ya weusi alikuwa amekaa mtu mweupe, na mtu huyo alikuwa Mbaluka, yeyote angemtambua, ila hakuwa na uso. Muthoki akajaribu kuutia uso. Akaweka macho, hapana. Akafuta kwa mkate. Akaweka pua, akafuta. Mdomo, akafuta. Kila alipofuta alihisi kama amefuta pia kichwani mwake, maana jaribio la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, na la tatu halikuwa la mtu yeyote. Vidonge vya mkate vilivyonyonya weusi alivitia kwenye sahani, na sahani akaiweka sakafuni mahali mkono ulipofika, mbele ya kigoda. Alipochoka akaenda kulala, akaiacha pale.

Asubuhi sahani ilikuwa nyeupe, tupu.

Panya, Muthoki akajisemea. Mowlem panya wako, tena hawabishi hodi. Lakini panya, ndugu yangu, huacha makombo, huacha vinyesi, huacha hata aibu kidogo. Sahani ile ilikuwa imepanguswa. Akaenda kununua mkate mwingine.

Wiki ile nyumba ilianza kunuka muhugu. Si harufu ya kigoda kikavu. Ile ya mti mbichi unaopasuliwa, tamu, inayokaa kooni. Kisha jioni moja stima ikapotea ploti nzima, watu wakaanza kulalamika kwenye makorido, mama akawasha mshumaa, na ndani ya ule utulivu mfupi unaokuja redio zote zinaponyamaza kwa pamoja, wakasikia msasa. Shh. Shh. Shh. Taratibu, kama wa mtu asiye na haraka, mtu anayejua kazi itaisha.

"Mwaitu, unasikia?" Muthoki akauliza kwa sauti ya chini.

Mama yake alikuwa anatabasamu. "Kumbe hajaacha," akasema. "Nilimwambia aache hiyo kazi jioni, kifua chake kibovu."

Muthoki alijua mtu wa kawaida angepiga kelele hapo. Alingoja kelele ije. Haikuja. Akaketi akisikiliza mpaka stima iliporudi.

Tangu siku hiyo Ndunge akawa anamimina vikombe vitatu vya chai. Hakumwuliza tena Muthoki kuhusu kigoda, kama alivyofanya siku ile aliporudi kanisani. Mkate yeye mwenyewe alikuwa anaumega na kuuweka sahanini, mbele ya ile karatasi, hata siku ambazo Muthoki hakuchora. Kina mama wa kanisa walipopata fununu walikuja wakaimba na kuomba kwa nguvu zote, msasa ukanyamaza kama mtoto mwenye adabu mbele ya wageni. Wa mwisho alipovuka tu kizingiti, shh, shh, ukaendelea pale ulipoachia.

Halafu ikaja siku ya ugali. Maji yalikuwa yanachemka. Ndunge akanyoosha mikono yake mitupu, akaishika sufuria kwa pande zote mbili, akaiinua kutoka motoni, akaibeba hadi mezani, akaiweka, akafuta viganja kwenye leso. Hakukimbia. Hakusema hata ss.

"Mwaitu! Mikono yako!"

Ndunge akaitazama. Ngozi ilikuwa imeanza kujikunja. "Eeh," akasema. "Imeungua." Vile mtu angesema, mvua imenyesha.

Muthoki alipomsogelea kumfunga kitambaa ndipo alipouona uso wa mama yake kwa karibu. Mama huyu alikuwa na kovu juu ya nyusi, la kuangukia jiwe la kusagia utotoni. Alikuwa na mikunjo miwili ya kando ya mdomo, ya kucheka. Kovu halikuwepo. Mikunjo haikuwepo. Ngozi ilikuwa laini, laini kupita ya mtoto, kama kinyago kilichofikia msasa wa mwisho kabla ya kupakwa nta.

Na bado Muthoki hakuogopa ipasavyo. Aliogopa kwa kichwa tu, kama unavyojua jibu la hesabu. Alijiambia: kama naona vibaya, kamera haioni vibaya. Akachukua kamera ya chuo, ile ya zamani ya filamu, akampiga mama picha mchana kweupe, dirisha wazi, amekaa kwenye kochi kando ya kigoda.

Chumba cha giza cha chuoni, cha kusafishia picha, kilikuwa choo cha zamani kilichozibwa madirisha, taa nyekundu juu, masinia ya dawa chini. Muthoki aliingia na Sydney, na Gachanja akisimamia mlangoni.

"Tikisa sinia pole pole," Gachanja akasema. "Picha ni kama mkwe, ukiikimbiza inakasirika."

"Sir, hii dawa inanuka kama kwapa ya makanga wa matatu," Sydney akasema.

"Wewe chunusi zako zinanuka nini? Tikisa."

Karatasi nyeupe ilikuwa imezama kwenye dawa, na ndani yake, kama kawaida, weusi ulianza kupanda, kwanza fremu ya dirisha, halafu kochi, halafu kitambaa cha kochi chenye maua, halafu mabega ya Ndunge na mikono yake iliyofungwa, na wote watatu wakawa wanangoja uso, na uso haukuja, wakatikisa na kungoja na kutikisa, maua ya kitambaa yakazidi kukolea hadi ukaweza kuyahesabu, na juu ya shingo ya Ndunge palibaki peupe, peupe laini bila jicho wala pua, kama yai. Na hapo ndipo Sydney, ambaye hakuwahi kukosa neno, alipoinua kidole bila kusema akaelekeza kando ya kochi, kwenye kigoda, ambako Muthoki alijua hakukuwa na mtu, na ambako sasa chembe nyeusi zilikuwa zinakusanyika moja moja kama sisimizi wanaorudi nyumbani, zikafanya goti, zikafanya kiganja, zikafanya kichwa kilichoinama kushoto, na juu ya nyusi ya kile kichwa, kovu dogo.

"Toa," Gachanja akasema. "Toa hiyo karatasi. Sydney, washa taa."

"Muthoki," Sydney akanong'ona, "huyo ni nani, manze?"

"Baba yangu," Muthoki akasema. Kisha akafikiri. "Hapana. Baba hakuwa na kovu."

Sirad alipoonyeshwa picha ile dukani aliifunika kwa kiganja upesi, kana kwamba inaweza kuwasikia.

"Mlimkaribisha nani nyumbani kwenu?"

"Hatukumkaribisha mtu."

"Abaayo, mtu haingii hivi bila kuitwa. Ngoja nifunge duka." Na Sirad, ambaye hajawahi kufunga duka hata siku mume wake alipolazwa, akavuta mlango, akaenda na msichana mpaka Pipeline, kwa Maalim Shire, mtoa majini.

Maalim Shire anakaa ghorofa ya saba, kwenye yale majumba yaliyobanana hadi jua huuliza njia. Hakuna lifti. Ukifika juu jini lako limeshachoka kuliko wewe. Maalim mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi, amekaa juu ya mkeka akitazama mpira kwenye simu. Aliuzima, akasikiliza hadithi yote. Hakutikisa kichwa wala kusema astaghfirullah. Mwishoni akauliza swali moja tu.

"Hiyo sahani ya mkate, uliiweka wapi?"

"Sakafuni. Mbele ya kigoda."

"Kigoda kimesimama?"

"Ndiyo, Maalim."

Akakohoa, akajifuta. "Binti yangu. Kuna viumbe havina sura. Vinapita tu, kama upepo wa kwenye ngazi. Wewe ulikiinua kiti cha maiti, ukakata umbo la mtu juu yake, ukaliacha tupu, halafu ukaweka chakula mbele. Ungeweka na mto, basi. Na chakula chenyewe! Ulimlisha uso wa baba yako, tonge kwa tonge. Ulipoisha, akaanza wa mama yako. Huyo hasugui mti."

"Mama atakufa?"

"Hatakufa. Hilo ndilo baya. Atakaa tu hapo."

Sirad akashika mdomo. Muthoki alitazama mkeka. Alihisi kitu kimoja kidogo kikisogea kifuani, mbali sana, kama mtu anayehamisha kabati nyumba ya tatu.

"Nifanye nini, Maalim?"

"Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi na mtu mwingine, anafukuzwa na aliyemkaribisha. Mkate usiingie nyumba hiyo. Kigoda ukilaze. Na ile nafasi nyeupe uizibe. Uizibe kwa makaa yako, yote, mpaka iwe nyeusi kuliko hewa yake, usimchore uso wowote, na usifute kitu. Fanya mchana. Atakusemesha. Atakupa kitu unachokitaka sana. Usiache hata pa kupenya sindano."

Muthoki alirudi nyumbani saa ile ile ambapo watoto wa ploti wanatoka shule. Makelele yao yalikuwa yanapanda na ngazi. Ndunge alikuwa amekaa kwenye kochi, na uso wake, sitaki kukudanganya ingawa nadanganya vizuri, ulikuwa umebaki na macho tu na ufa wa mdomo. Msasa ulikuwa unafanya kazi bila aibu, jua likiwaka dirishani.

Muthoki alikilaza kigoda. Msasa ukasimama. Sahani akaitupa kwenye ndoo ya taka, akashika kijiti cha makaa kinene kuliko vyote, akaanzia miguuni.

Goti likazama. Mikono ikazama. Alipofika kifuani harufu ya muhugu ilijaa chumba mpaka machozi kama ya moshi yakamtoka, na aliposiliza shingo, pale juu, kwenye ule weupe wa mviringo ambao mikate yote ya Sirad haikuweza kuupa sura, uso ukaja wenyewe, bila makaa, bila mkono, kwanza paji lenye mshipa wa katikati aliokuwa ameusahau kabisa, kisha pua iliyopinda kidogo kwa kuvunjwa na gogo, kisha yale meno mawili ya mbele yaliyoachana, ambayo yeye mwenyewe Muthoki anayo, na alikuwa anajitazama kwenye kioo kila siku bila kujua ameyatoa wapi, na baba yake akamtazama kutoka ukutani vile alivyokuwa akimtazama anapotoka shule, kama mtu anayetaka kuuliza umekula lakini anaona aibu kuuliza, na akasema, kwa sauti yenye vumbi:

"Muthoki. Umenipata."

Muthoki akashusha kijiti.

Nyuma yake, kwenye kochi, mama yake alikuwa ameacha kupumua kwa pua kwa sababu pua haikuwepo.

"Si wewe," Muthoki akasema. "Baba asingemfanya Mama hivi." Akasiliza meno. Akasiliza pua. Uso haukukasirika. Uliendelea kumtazama kwa upole tu huku ukizama.

"Basi niachie pa kuonea tu," ukasema. "Padogo. Nisiwe gizani, mwanangu."

Gachanja aliwahi kuwafundisha kwamba jicho bila nukta ya mwanga ni jicho la maiti. Unaacha nukta moja, ndogo kama punje ya chumvi, na mtu anaishi. Muthoki alisiliza jicho la kushoto lote. Alisiliza la kulia. Kijiti kikalizunguka, kikalizunguka, na kuna mahali palipobaki peupe ambapo, hata leo ukimwuliza, hajui kama mkono ulichoka au ulikubali.

Kisha akachukua kopo la dawa ya kugandisha makaa, akalipulizia mchoro mzima, kusifutike kitu tena na kusiongezeke kitu.

Nyuma yake mtu akalia. Si kulia kwa kawaida. Ni kile kilio kinachotoka kwenye mfupa. Ndunge alikuwa ameinua viganja vyake vilivyoungua, akivitazama, akipiga kelele kwa maumivu ya siku zote zile yaliyokuja kwa mkupuo mmoja, na alipomaliza kulilia mikono akamlilia mume wake, Mbaluka, Mbaluka, mpaka majirani wakafungua milango. Kovu lake la nyusi lilikuwa jekundu, mikunjo ya mdomo imerudi yote, mibaya, mizuri.

Muthoki alimkumbatia. Alimtazama mama yake akilia kama unavyotazama maji yakichemka. Alijua ni jambo jema.

Maonyesho yakafika. Kazi ya Muthoki ilitundikwa ukuta wa mwisho: mtu mweusi ndani ya hewa isiyo nyeusi kama yeye, na pembeni kigoda chenyewe, kimelazwa ubavu. Gachanja alisimama mbele yake kwa muda akasema hajawahi kumpa mtu alama kama atakazompa huyu. Ndunge alikuja na gauni la kanisani, mikono imeanza kupona, akimsimulia Sirad habari za marehemu, akicheka na kujifuta macho kwa wakati mmoja kama mjane mzima wa afya.

Sydney akaja na kikombe, akamgonga bega. "Muthoki, hii kitu ni noma. Mi yangu ya magunia hata wameipita kama matanga ya maskini. Lakini mbona ukamchora macho madogo hivyo?"

"Macho?"

"Si hizi nukta mbili."

Muthoki akatazama. Makaa yalikuwa yamegandishwa. Ukiyapitishia kidole hayatoki. Nukta zilikuwa mbili, moja kila upande, nyeupe kama punje za chumvi.

Yeye alikuwa ameacha moja.

Akageuka kumwambia Sydney, akauona ukumbi. Chuo kilikuwa kimeandaa chai, kama ilivyo desturi, na chai haiendi peke yake. Wageni wote walikuwa wamejipanga mbele ya ule ukuta, wazazi, walimu, Gachanja, Sirad, mama yake, kila mmoja ameshika sahani yenye kipande cha mkate, wameielekeza mbele wakitazama. Ukumbi ulinuka muhugu. Na shavu la Sydney lililokuwa karibu na uso wake, shavu lile la chunusi lililochekwa mwaka mzima, lilikuwa laini kama yai.

"Nini?" Sydney akauliza, akitabasamu. "Mbona unanitazama hivyo?"

Shh, chini ya mazungumzo ya watu. Shh.

Muthoki akasimama pale, akangoja hofu imshike. Akangoja sana.